Tende Themanini na Nne

Katika soko la wanawake la Ibra, huko Omani, ambalo hufanyika kila Jumatano na mwanamume haingii hata mkewe akizimia ndani, Bi Ghaniya alikuwa na mkeka wake ubavuni mwa wauza udi. Juu ya mkeka palikuwa na kanga za kutoka Unguja, kofia mbili tatu, na chupa ya kahawa. Elimu yake ilikuwa madarasa matatu ya Unguja, na la tatu hakulimaliza, maana aliugua surua, na aliporudi akakuta mwengine keshakaa mahali pake. Lakini kwa biashara hakuna aliyemweza, na siri yake ilikuwa moja tu: hataji bei.

Mteja akishika doti na kuuliza, "Bi Ghaniya, hii kiasi gani?" yeye huuliza hali ya watoto. Watoto wakisha, huuliza hali ya goti. Goti likishapata nafuu ndipo anaposema, "Wewe mwenyewe, mwanangu, unaweza kunipa ngapi kila Jumatano bila ya kujikaza?" Mteja husema nusu riali. Bi Ghaniya huguna kama anayeibiwa, halafu hukubali. Nusu riali, Jumatano kumi. Doti ile ile kwa taslimu ni riali tatu, lakini nani kauliza taslimu? Mtu huondoka na kanga zake huku akimwombea dua.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa kakaa sebuleni Ijumaa moja baada ya sala, akamsikia mwanawe Hamed akisema, "Riali mia na arubaini na tisa tu kwa mwezi."

Ile "tu" ikamwingia sikioni kama sisimizi.

Hamed alikuwa na miaka hamsini na sita, kastaafu serikalini, na tangu astaafu kazi yake kubwa ilikuwa kutoa rai. Siku hizo rai zote zilikuwa juu ya gari. Binti yake, Balqis, alikuwa kapata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Sur, anaanza Jumapili ya wiki ya pili. Sur kutoka Ibra si karibu, zamu za usiku zipo, na basi la kumngojea muuguzi alfajiri halipo. Bila ya gari hakuna kazi. Mshahara wenyewe ulikuwa riali mia nne na hamsini, wa kwanza maishani mwake, na hajauona hata rangi yake.

"Gari gani hilo?" akauliza Bi Ghaniya.

Hamed akampa simu atazame picha. Gari lilikuwa jeupe, pana, limeinua pua kama ngamia aliyeudhika.

"Linapanda mpaka Jabal al Akhdar bila ya kukohoa," alisema Hamed.

"Balqis anakwenda Sur kudunga watu sindano. Mlima atapanda wa nini?"

"Mama, hii ni heshima. Mtoto wa kike anakwenda ugenini, watu wamwone katoka kwa watu."

"Watu watamwona. Bei yake?"

"Nishakwambia. Mia na arubaini na tisa."

"Hiyo ya mwezi. Bei yake nakuuliza."

Hamed akajikuna kisogoni. "Sinan, yule anayeuza, kasema tusijishughulishe na jumla. Jumla inatisha watu bure. Kauliza tu Balqis anaweza kutoa ngapi kwa mwezi bila ya kujikaza."

Bi Ghaniya alijihisi kama mtu aliyekwenda harusini akamkuta mgeni mwengine kavaa nguo yake, ile ile, mpaka na kiraka cha kwapani.

Akamgeukia mjukuu wake. Balqis alikuwa kainamisha macho kwenye ile picha. Alikuwa keshalikalia mara moja, wiki iliyopita, na harufu ya viti vipya ilikuwa bado imo kichwani mwake. Tena baba yake ndiye anayetoa arubuni, riali elfu moja katika fedha zake za kustaafu. Mtu anayekupa elfu humwambii kwamba ngamia wake ni mkubwa mno.

"Kesho nakwenda nanyi Nizwa, kwa huyo Sinan," alisema Bi Ghaniya.

"Mama, mwendo mrefu, na huo mguu wako..."

"Mguu ndio unaotaka kuliona gari."

*

Sinan, mwuzaji, alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Mama yake Mpemba, kwa hivyo Kiswahili kilikuwa kimemkaa vizuri. Alipomwona Bi Ghaniya anaingia na mkongojo aliruka kitini.

"Shikamoo, bibi! Karibu, karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Na goti lake?"

Sinan akashangaa bibi huyu kalijuaje goti la mama yake. Bi Ghaniya hakuwa analijua. Lakini kwa umri huo kila mama ana goti.

Wakakaa. Mkataba ulikuwa umeshachapwa, umelala mezani na kalamu juu yake kama mtoto aliyefunikwa. Sinan akaleta kahawa na sinia la tende kwa mkono wake mwenyewe, kwani mgeni mzee haletewi na mtu wa kuajiriwa. Akammiminia. Bi Ghaniya akanywa, akanyoosha finjani. Sinan akamimina tena. Akanywa, akanyoosha.

Na hapa ndipo Sinan alipokamatika, ingawa alikuwa bado hajajua. Maana mgeni akishatosheka huitikisa finjani mkononi, hivi na hivi, na hiyo ndiyo ruhusa ya kuendelea na mengine. Maadamu hajaitikisa, mwenyeji anamimina. Hamharakishi, hamwonyeshi pa kutia saini, hatazami saa. Angefanya hivyo kwa mama mtu mzima, habari ingefika Pemba kabla ya adhuhuri.

"Balqis ataweka saini hapa, na hapa," alijaribu Sinan, mkono mmoja umeshika chupa ya kahawa, "na Jumanne gari litakuwa mlangoni kwenu, bibi."

Bi Ghaniya akanyoosha finjani.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Themanini na nne tu."

"Tu nyengine hiyo. Na mimi, mwanangu, hesabu za kwenye simu sizioni. Mimi huhesabu kwa kokwa. Tule tende, kila kokwa mwezi mmoja."

"Tafadhali, bibi, kula."

"Mimi nina sukari, daktari kanikataza. Hamed, kula wewe. Gari si umelipenda wewe?"

Hamed akacheka, akala moja. Akatema kokwa. Bi Ghaniya akaiweka mezani, juu ya ukingo wa mkataba. "Mia na arubaini na tisa," alisema. "Mwezi wa kwanza huo. Ongeza."

Kumi za mwanzo zilikwenda kwa raha. Hamed alikuwa mpenda tende na zilikuwa tende nzuri. Kumi na mbili zilipotimia Bi Ghaniya akazipanga mstari. "Mwaka mmoja umelipa. Balqis sasa ana miaka ishirini na nne. Endelea, baba."

Mwaka wa pili Hamed aliomba maji. Katikati ya mwaka wa tatu akalegeza kofia.

"Mama, si tuzihesabu hizi zilizobaki kwenye sinia hivi hivi, na nyama zake?"

"Mwezi haujalipwa mpaka uliwe."

"Tumbo limejaa!"

"Uko mwaka wa tatu tu. Hapo Balqis keshaolewa, ana mimba, anatapika, na benki haijui kwamba anatapika. Kula."

Sinan akaona aingilie. "Bibi, na tena sisi tunawapa zawadi. Vioo vyeusi bure, mazulia ya ndani bure, na bima ya mwaka wa kwanza bure kabisa."

"Ahsante sana. Mimi pia huwapa wateja wangu pini ya kubania kanga." Akanyoosha finjani. "Na bima ya mwaka wa pili mpaka wa saba anatoa nani?"

Sinan akamimina polepole sana. "Hiyo... mwenye gari."

"Kiasi gani kwa mwaka?"

"Kama mia mbili na sitini hivi. Inategemea."

"Balqis, andika pembeni, mwanangu. Sita mara mia mbili na sitini."

Balqis akaandika kwenye simu yake. Elfu moja mia tano na sitini. Aliitazama hiyo namba kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili namba.

"Na wewe, Sinan, kaa chini ule," alisema Bi Ghaniya. "Huyu mwanangu peke yake hamalizi. Mwaka wa nne ni wako."

Sinan akala. Angefanyaje? Wateja wengine walikuwa wameingia, wanatembea baina ya magari, wanatupa jicho pale mezani walipokaa wanaume wawili wazima wanatafuna kama wanafunzi waliotiwa adabu, na bibi mbele yao anapanga kokwa. Mwaka wa nne ulipokwisha, Sinan akafuta mikono.

"Bibi, mimi si mwongo. Hii si riba. Kampuni inalinunua gari, halafu inamuuzia Balqis kwa faida inayojulikana. Halali yake."

"Mimi sikuuliza jina lake, mwanangu. Nimeuliza kimo chake. Zimebaki ngapi?"

"Thelathini na sita," akajibu Balqis. Alikuwa halitazami tena lile gari. Alikuwa anatazama kokwa.

"Hizo nazitia bila ya kuliwa, mwanangu asije akanifia Nizwa. Hesabu yake sasa. Mia na arubaini na tisa ni namba iliyokatwa ncha, ili isionekane kuwa mia na khamsini. Tuirudishe ncha yake. Mia mara themanini na nne?"

"Elfu nane na mia nne."

"Nusu yake?"

"Elfu nne na mia mbili. Zote pamoja elfu kumi na mbili na mia sita."

"Sasa toa ile moja moja aliyotusamehe Sinan kwa ukarimu wake. Themanini na nne."

"Elfu kumi na mbili, mia tano na kumi na sita." Sauti ya Balqis ilikuwa inashuka. "Na arubuni ya baba, elfu. Kumi na tatu, mia tano na kumi na sita. Na bima..." Akabonyeza simu. "Elfu kumi na tano na sabini na sita, bibi."

"Na ningekuja na fedha mkononi leo," alisema Bi Ghaniya, "gari hili ungeniuzia kwa ngapi? Taja, mwanangu. Mimi nimezeeka kwa kutotaja, najua inavyouma. Taja tu."

Sinan akaangalia chupa ya kahawa kana kwamba bei imeandikwa humo. "Elfu tisa na mia sita."

Hamed, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshaanza kumjibu, akazitazama zile kokwa themanini na nne, nyengine tupu, nyengine na nyama, zimeufunika mkataba wote mpaka kalamu haionekani.

"Mimi nikidhani ni elfu tisa, tunazilipa kidogo kidogo," akasema, taratibu, kama mtoto.

"Kidogo kidogo unazilipa," alisema mama yake. "Ila si tisa."

Ikabaki Balqis. Bi Ghaniya hakumwambia kitu. Angeweza kusema, usitie saini, na mtoto angetii. Lakini mtu aliyekatazwa gari jeupe huliota miaka saba, na ni bora alilipe. Akanyoosha finjani tena, ya tisa au ya kumi, naye kibofu kilikuwa kinamwita kwa jina lake kamili. Hakuitikisa.

Balqis akainuka. Akalizunguka lile gari jeupe mara moja, akalipapasa mlangoni kama mtu anayeaga. Halafu akaenda mpaka nyuma kabisa ya duka, karibu na mapipa ya rangi, kulikokuwa na gari dogo la kijivu limegeuzwa uso ukutani.

"Na hili?" akauliza.

"Hilo?" Sinan karibu acheke. "Hilo la mwalimu mmoja wa Al Hamra, kalirudisha achukue kubwa. Miaka mitatu. Hilo si..."

"Bei yake ya taslimu?"

Balqis kauliza mwenyewe, na kwa sauti ambayo Bi Ghaniya hakuwa kaisikia kwake kabla. Sinan naye aliisikia. Hata habari za watoto hakuuliza, alijibu moja kwa moja.

"Elfu nne na mia mbili."

"Baba, elfu yako ipo?"

"Ipo," alisema Hamed, mkono tumboni.

"Basi inabaki elfu tatu na mia mbili..."

"Inabaki elfu mbili na mia nne," akasema Bi Ghaniya. "Mia nane ninayo mimi. Zamu yangu ya upatu imetoka mwezi huu."

"Bibi! Hizo si za meno?"

Kweli, zilikuwa za meno. Bi Ghaniya alikuwa kalipa upatu mwaka na nusu ili atengenezewe meno mapya, seti nzima, ya juu na ya chini, meupe kama ya watangazaji wa televisheni.

"Meno yatangoja. Haya mawili ya mbele yamenitosha leo kumtafuna Sinan. Utanirudishia ukishazoea mshahara. Bila ya faida, sema bismillahi."

Sinan akacheka, safari hii kicheko cha kweli, akabonyeza kikokotoo chake mbele ya macho yao. Elfu mbili na mia nne, miaka miwili, na faida ya kampuni mia mbili na arubaini. Riali mia na kumi kwa mwezi.

"Kokwa ishirini na nne," alisema Balqis. "Mia na kumi mara ishirini na nne ni elfu mbili mia sita na arubaini. Na elfu na mia nane tulizotanguliza, elfu nne mia nne na arubaini. Bima miaka miwili?"

"Mia na sitini kwa mwaka. Na ya kwanza..." Sinan akamtupia jicho Bi Ghaniya. "Hapana bure, bibi. Zote mbili analipa."

"Sasa tunaelewana."

"Elfu nne mia saba na sitini," Balqis akamalizia. "Hata thuluthi ya lile haifiki." Akaikamata kalamu chini ya zile kokwa, akaifuta utomvu wa tende kwa kanga ya bibi yake. "Nichapishie karatasi nyengine."

Bi Ghaniya akaitikisa finjani. Hivi, na hivi. Halafu akauliza choo kiko wapi, na alikwenda bila ya mkongojo.

*

Njiani kurudi walisimama mara nne kwa ajili ya tumbo la Hamed. Kila mara alirudi garini uso umempauka, na kila mara mama yake alimuuliza, "Umefika mwaka wa ngapi?"

Hamed akaona alipe kisasi. Usiku ule ule aliandika kisa kizima katika kundi la ukoo la simuni: kokwa, sinia, mwaka wa nne wa Sinan, kila kitu. Alidhani anamcheka mama yake. Ukoo ukacheka, kweli. Lakini kundi lile lilikuwa na wanawake, na wanawake wale walikuwa na mashoga, na mashoga huenda sokoni.

Jumatano Balqis mwenyewe ndiye aliyempeleka Bi Ghaniya sokoni kwa gari la kijivu. Lilikuwa linanuka chaki ya mwalimu wa watu, na kioo cha nyuma kilikuwa hakishuki, na Balqis aliliendesha kaketi wima kama kadhi. Jumapili atakuwa Sur. Akamtandikia bibi yake mkeka, akampangia kanga, akambusu kichwani.

Mteja wa kwanza alikuwa Bi Widad, jirani, mteja wa miaka mingi na goti lake baya. Akashika doti yenye maua mekundu.

"Bi Ghaniya, hii kiasi gani?"

"Watoto hawajambo, mwanangu?"

"Hawajambo."

"Na goti?"

"Limepona," alisema Bi Widad, na goti lenyewe lilikuwa limevimba kama boga. "Nusu riali kwa Jumatano, sivyo? Jumatano ngapi?"

Bi Ghaniya akamtazama. Bi Widad akatia mkono mkobani, akatoa mfuko wa nailoni, akaumwaga mkekani. Kokwa kumi, zimeoshwa.

Balqis alikuwa hajaondoka. Alisimama pale na funguo mkononi, midomo inahesabu. "Tano kwa kitu cha tatu. Bibi! Wewe umewashinda hata wale wa Nizwa!"

"Wewe si una safari ya kujitayarishia?" akasema Bi Ghaniya.

Nyuma ya Bi Widad walikuwa wamesimama wengine watatu, kila mmoja na kijimfuko chake.

Bi Ghaniya alimimina kahawa, maana mgeni ni mgeni, hata akija na kokwa. Bi Widad akaketi kwa starehe pembeni ya mkeka, akanywa, akanyoosha finjani. Akanywa, akanyoosha. Bi Ghaniya akamimina na kumimina, akingojea mkono ule utikisike.

"Riali tatu," alisema mwishowe, na neno lilimtoka kama jino.

Bi Widad akanyoosha finjani.